Jeep ya Marehemu Eugène

Anastasie alirudi Baraka mwezi wa pili mwaka wa 1998, ndani ya mtumbwi wa injini uliojaa watu waliochoshwa na kambi za ng'ambo ya ziwa. Mumewe Eugène hakurudi naye. Alikuwa amezikwa huko huko Tanzania, baada ya ugonjwa wa tumbo uliomchukua kwa siku nne. Siku ya mwisho, akili yake ingali timamu, alimwachia mkewe maneno machache juu ya watoto na maneno mengi juu ya motokari. Anastasie hakukasirika. Alimjua mtu wake: watoto aliwaamini mikononi mwa mama yao, lakini motokari hakuwahi kumwamini mtu nayo.

Watoto watatu aliwaacha kambini kwa dada yake, wasome, mpaka apate njia ya kuwalisha. Yeye alipumzika Baraka siku mbili tu, akatafuta jembe, akapanda kwa miguu mpaka Lubondja, kwa wifi yake Marie.

Nyuma ya nyumba ya Marie, kando ya shamba la muhogo, kulikuwa na kijumba cha udongo kisicho na mlango wala dirisha. Eugène alikijenga kwa siku tatu mwezi wa kumi mwaka wa 1996, vita vilipokuwa vinashuka kutoka Uvira. Aliileta jeep yake pale, akaivua magurudumu, akaiweka juu ya mawe, kisha akaizungushia kuta na kuiezeka nyasi. Kila aliyeuliza aliambiwa kwamba hilo ni ghala, mlango utatobolewa baada ya mavuno. Askari wa kila namna walipita Lubondja mara nne. Walichukua mbuzi, walichukua kuku, hata milango ya watu waliing'oa wakapikia. Ghala lisilo na mlango hakuna aliyelitamani.

Wanawake hao wawili walibomoa ukuta mmoja kwa asubuhi moja. Jeep ilikuwepo, kitanda chake wazi nyuma, rangi ya kijani imepauka. Panya walikuwa wamekula nyaya zote. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya taa, na juu ya usukani lilining'inia gamba la nyoka, refu, limekauka. Magurudumu waliyafukua katika shimo la majivu alilolitaja marehemu. Manne yalikuwa mazima. Anastasie aliifungua boneti akaitazama injini kwa muda mrefu. Hakuelewa hata kitu kimoja alichokiona.

Habari haikukawia kuenea. Kabla ya juma kwisha alifika mtu kutoka Fizi, kazi yake kusubu masufuria, akaizunguka jeep akiigongagonga kwa kifundo cha kidole. Alisema iliyokufa imekufa, na kwamba yeye angetoa masufuria kumi na mawili na mbuzi jike mwenye mimba kwa vyuma vyote. Marie aliona ni bahati. Anastasie aliomba siku ya kufikiri, na kesho yake alfajiri akashuka Baraka kumtafuta Raphaël.

Raphaël alikuwa na miaka hamsini na minane. Alifanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika garaji moja kubwa ya Uvira. Sasa alitengeneza injini za mitumbwi ufukweni. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za kazi. Alipotaka kusikiliza injini, alichukua kijiti kirefu, ncha moja akaibana kwenye chuma, nyingine akaitia katika sikio la kulia, akafumba macho. Watu wa Baraka walisema kijiti kile kinajua kusoma.

Alipanda Lubondja siku ya tatu, na mkoba wake wa vyombo mgongoni. Alilala chini ya jeep, akainuka, akanusa mafuta yaliyobaki, akazungusha injini kwa mkono kwa chuma kirefu, akasikiliza kwa kijiti chake. Jua lilikuwa utosini aliposema neno.

"Mama Anastasie, hii motokari haiyakufa. Iko na njaa, na iko na kiu, lakini mutu aliyeifungia hapa alikuwa na akili. Tutaitengeneza na mufwatano wangu. Kwanza isimame. Kisha ipoe. Kisha ndiyo itembee."

Marie akauliza kwa nini aanze na breki za gari ambalo haliwaki. Raphaël akamjibu kwamba katika maisha yake alikwenda matanga ya madereva watatu, na wote watatu walianza na injini.

Ujira hakutaka. Alitaka chakula, mahali pa kulala, na ahadi moja: ikitembea, dereva awe yeye. Anastasie akakubali.

Fedha hazikuwepo, lakini michikichi ya Eugène karibu na Baraka haikuguswa kwa mwaka mzima na zaidi, na matunda yalikuwa yanaoza chini. Anastasie akaajiri wakamuaji kwa kugawana nao nusu kwa nusu, akapata bidoni tisa za mawese. Mawese ndiyo yaliyokuwa fedha yake. Kwa bidoni mbili, mchuuzi wa dagaa alimletea kutoka Kigoma mipira midogo ya breki na chupa ya mafuta yake, kwa kipimo ambacho Raphaël alikichora kwenye karatasi ya daftari. Bidoni nyingine ilimleta fundi wa taa za bati, ambaye aliziba matundu kumi na saba ya rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, kwa risasi na mkaa, akiyahesabu kwa sauti. Mirija iliyooza ya mazuti, yaani dizeli, ilibadilishwa kwa bomba za shaba zilizochomolewa katika friji mbovu ya baa iliyokuwa imeporwa.

Gasketi ya kichwa cha injini haikupatikana hata Kigoma. Raphaël akaichukua ileile kuukuu, akaisafisha siku nzima kwa kisu na majivu, akaipaka rangi ya fedha ya mabati pande zote mbili, akaianika, akairudisha. Alisema itadumu mwaka ikiheshimiwa.

Kisha akaanza mambo ambayo Anastasie hakuyaomba. Njia ya Fizi kwenda Lulimba, ambako wachimba dhahabu walikuwa wakingoja chumvi, sabuni na samaki wakavu, ilikuwa imekufa tangu vita. Wanawake walibeba mizigo mgongoni siku tatu. Raphaël aliijua njia ile. Alisema jeep kama ilivyotoka kiwandani haitafika. Kwa hiyo wakaenda kwenye lori la jeshi lililoungua kando ya barabara, wakafungua vyuma vya springi vilivyopona moto, wakavikata kwa msumeno wa mkono kwa siku mbili, na kila gurudumu la nyuma likapata vyuma viwili vya ziada. Jeep ikainuka nyuma kama jogoo anayetaka kuwika. Bomba la chuma likapandishwa kutoka kwenye injini mpaka juu ya paa, ili ivute hewa huko hata maji ya mto yakifika kwenye boneti. Chini ya tangi akafunga chupa nene ya kioo, mazuti yapitie humo kwanza. Maji na uchafu vitulie chini vionekane kwa macho, kwa sababu mazuti ya siku zile yaliuzwa na watu wasio na haya.

Miezi miwili ilipita hivyo. Anastasie alijifunza kushika taa, kukaza nati na kulegeza nati, na kujua kwa harufu mafuta yaliyoungua. Mwezi wa tano waliifikia pampu ya mazuti, ile inayoyasukuma mafuta ndani ya injini kwa nguvu na kwa wakati wake. Raphaël aliifungua juu ya meza ya Marie, akaitazama, akaifunga tena taratibu, akatoka nje.

Maji yalikuwa yameingia humo. Kutu ilikuwa imekula vipande ambavyo hata unywele haupiti kati yake. Hapakuwa na rangi ya fedha wala risasi ya kuponya hicho. Anastasie alimuuliza ni nani mwenye nyingine. Raphaël akasema Uvira hakuna, Kigoma hakuna, labda Bujumbura kwa bei ya nyumba. Marie, aliyekuwa anakatakata majani ya sombe, akasema bila kuinua kichwa kwamba Kamanzi alikuwa na jeep kama hii.

Raphaël akasema jina hilo lisitajwe mbele ya chakula chake.

Anastasie alilielewa jambo lenyewe usiku ule kwa Marie. Kamanzi ni Munyamulenge, mtu wa milimani, wa watu wa ng'ombe. Alifanya kazi na Raphaël garaji moja miaka kumi na moja. Walikula sahani moja. Mwaka wa 1996, watu wa chini na watu wa juu walipoanza kuwindana, kila mmoja alikimbilia kwao bila kuagana. Mdogo wake Raphaël aliuawa mwezi wa kumi na moja mwaka ule, njiani, na waliomuua walisemekana ni vijana wa milimani. Tangu hapo Raphaël hakutaka kusikia hata jina la mlima.

Siku ya Jumatano, Anastasie hakumwambia mtu isipokuwa Marie. Alipanda peke yake, na kikapu cha chumvi kichwani, mpaka soko la katikati ya mteremko. Wanaume wa pande mbili hawakufika pale, lakini wanawake hawakuacha kabisa, hata katika siku mbaya. Wa juu walileta maharage na siagi, wa chini mawese, chumvi na samaki, wakapimiana haraka, wakaachana. Alimtafuta mke wa Kamanzi. Akaonyeshwa mama mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aitwaye Nyirarukundo.

Anastasie alimwambia ukweli wote, kwa sababu hakuwa na uwongo uliotosha: kwamba ni mjane, kwamba ana jeep bila pampu, kwamba fundi wake ni Raphaël na hajui kwamba yeye yuko hapo. Nyirarukundo alisikiliza huku akifunga siagi kwenye jani la mgomba. Akasema wao pia walikuwa na kijana aliyeitwa Ntwari. Aliteremshwa kutoka lori fulani mwaka wa 1996, mwezi wa tisa, na hakuonekana tena. Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei, bila kumlaumu aliyekuwa mbele yake. Kisha akasema, urudi Jumatano nyingine.

Jumatano nyingine Kamanzi mwenyewe alikuwepo, mwanamume pekee pale, ameketi nyuma ya mizigo ya maharage, fimbo magotini. Pampu ilikuwa miguuni pake, imefungwa kwa ngozi ya ndama. Hakuzungumzia bei kwanza.

"Raphaël angali hai?"

"Iko muzima," Anastasie akajibu. "Sikio la kushoto tu ndilo lilikufa."

"Lilianza kufa tukiwa pamoja. Nilimuambia aache kulaza kichwa juu ya injini. Mutu hasikii."

Kisha wakapatana. Huko juu ng'ombe walikuwa wakilamba udongo kwa kukosa chumvi, na dawa ya minyoo haikupanda tangu vita. Kamanzi alitaka magunia matatu ya chumvi na dawa ya minyoo ya ng'ombe mia. Jeep yake mwenyewe ilikuwa imeungua, imebaki injini tu, na njia ya kuipitisha haikuwepo tena. Aliitoa pampu kabla ya kupokea hata kijiko cha chumvi, na Anastasie aliponyoosha mikono kuipokea, akaishikilia kidogo.

"Umuambie asifuate alama ya kiwanda. Hii gia niliibadilisha nyuma, sisi tukishaachana. Afuate alama ya tupa, niliikata mi mwenyewe, jino moja mbele. Hataamini. Umuambie tu."

Raphaël aliifungua ngozi ile ya ndama, akajua papo hapo inatoka wapi. Anastasie alingoja akasirike. Hakukasirika, alikaa tu na pampu mapajani. Anastasie akamfikishia maneno ya alama ya tupa, neno kwa neno. Raphaël akasema pampu ile aliifunga yeye mara kumi, hakuna mtu wa kumfundisha alama.

Aliifunga kwa alama ya kiwanda. Jeep haikuwa na betri, kwa hiyo watu wa Lubondja waliisukuma mpaka juu ya mteremko wa shule, ikaachiliwa, Raphaël akiwa kwenye usukani. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza chini bondeni. Waliipandisha tena. Siku ile mara tatu, siku ya pili mara nne. Alibadilisha kila kitu kingine: alisafisha vichwa vya kupulizia mazuti, alitoa hewa kwenye mirija, alichoma kitambaa mbele ya bomba la hewa ili injini ivute joto. Moshi mweupe uleule. Siku ya tatu wasukumaji walikuwa sita tu, na mtu wa masufuria alipita njia akasalimia kwa adabu nyingi.

Jioni ile Anastasie alimpelekea Raphaël ugali na dagaa, akakaa karibu naye.

"Papa Raphaël, minakuuliza neno moja. Kamanzi alishakudanganya juu ya kazi, hata siku moja?"

Raphaël alikula matonge mawili, akanawa.

"Juu ya kazi, hapana."

Siku ya nne, asubuhi na mapema, aliifungua gia, akaisogeza jino moja mbele, kwenye mkwaruzo mdogo wa tupa ambao mtu asiyeambiwa angeudhani ni kovu la chuma. Hakuwaita watu wengi. Jeep iliachiliwa mteremkoni, na kabla ya kufika nusu ikanguruma, moshi mweusi kidogo, kisha hakuna moshi. Raphaël aliizungusha uwanja wa shule mara mbili, akaiegesha ikitazama chini, akaiacha inaunguruma. Alishuka, akachukua kijiti chake, akasikiliza. Anastasie aliona mashavu yake yamelowa, akageuka kutazama shamba la muhogo mpaka alipomaliza.

Chumvi na dawa za minyoo zilipanda mlimani mwezi wa sita, zikibebwa na jeep mpaka mwisho wa barabara, na kutoka hapo na wanawake. Mwezi wa saba jeep ilikwenda Lulimba mara tatu. Mara ya kwanza ilichukua siku mbili, na mtoni maji yalifika kwenye boneti kama Raphaël alivyosema. Bomba lile la paani lilivuta hewa, nao wakatokea ng'ambo. Wachimba dhahabu walinunua chumvi yote kabla haijashushwa. Anastasie alianza kupanga kuwaleta watoto mwezi wa tisa, shule zikifunguliwa.

Katikati ya mwezi huo wa saba Nyirarukundo alileta ombi. Binti yake Iriza, wa miaka kumi na mitano, alikuwa na goti lililojaa usaha, na dawa za juu zilishindwa. Siku zile hali ilikuwa imetulia kidogo. Anastasie aliwachukua wote wawili mpaka hospitali ya Nundu, goti likapasuliwa, wakalazwa siku kumi na mbili. Walikuwa wamerudi Baraka, nyumbani kwa Anastasie, wakingoja safari ya Lubondja, redio iliposema vita vimeanza upya.

Kwa siku moja mji ukabadilika. Waliokuwa wanauza mihogo jana walionekana leo na bunduki au mapanga. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna mtu wa milimani. Nyirarukundo na bintiye walikaa chumba cha ndani siku tatu, hawakukohoa. Jirani mmoja alimwambia Anastasie, kwa huruma ya kweli, kwamba afadhali awatoe mapema kabla hawajaja kuwatoa wao na yeye.

Raphaël alikuja kabla jua halijachomoza siku ya nne. Hakuuliza chochote, alikuwa ameshajaza mazuti. Alisema njia ya Lubondja ina kizuizi kimoja tu, na anayekisimamia ni Dany, ambaye injini ya mtumbwi wake aliitengeneza mwaka jana. Anastasie akamuuliza kama anajua anachokifanya. Akasema anajua kuendesha, hayo mengine ataonyeshwa njiani.

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa barabarani kati ya mawe mawili. Vijana kumi na wawili hivi walikuwa pale, na Dany, mwenye miaka kama ishirini na mitano, bunduki begani. Alimsalimu Raphaël kwa heshima. Kisha akawatazama wanawake wawili waliokaa nyuma, shuka zimewafunika vichwa, na kila mtu akatazama alikotazama yeye.

"Muzee, huyu mama na huyu binti ni ba wapi?"

Anastasie alikuwa ameandaa uwongo, jina la kijiji na jina la ukoo. Raphaël aligeuza sikio lake zima, kama mtu anayetaka kuhakikisha swali, akajibu kabla yake.

"Ni bibi ya Kamanzi na mutoto wake. Kamanzi ni mwenzangu wa kazi, miaka kumi na moja. Minabapeleka kwabo."

Mmoja wa vijana aliukaribia ubavu wa jeep, Dany akamzuia kwa mkono.

"Muzee, we si ulizika mudogo wako kwa sababu ya bale bantu?"

"Nilimuzika na hii mikono. Minajua mahali alilala. Hawa babili habakukuwa pale."

Anastasie aliona macho ya Dany yakitoka kwa Raphaël, yakapita juu ya magurudumu, springi zile zilizoinuka, bomba la hewa. Alikuwa ameyaona macho ya namna ile kwa wachuuzi maisha yake yote. Akashuka, akasimama mbele yake. Aliegemea boneti.

"Dany, mwanangu, munataka hii motokari. Iachieni ipande ishushe bantu, kisha irudie hapa, itakuwa yenu. Mi mwenye motokari nabaki hapa mpaka irudi."

"Na isiporudi?"

"Basi mi niko hapa."

Walijadiliana wao kwa wao kando ya barabara. Wengine walitaka vyote viwili, gari na watu, na walisema hivyo kwa sauti. Dany aliwaambia kwamba gari lisilo na dereva wala fundi ni bati, na fundi ni huyu. Mwishowe mti ukasogezwa. Nyirarukundo alipopita alimshika Anastasie mkono, akaukaza. Ilikuwa kama saa mbili asubuhi.

Anastasie alikaa juu ya jiwe. Mwendo wa kwenda na kurudi ulikuwa saa sita, tuseme. Wanawake waliokimbia walipita na mafurushi, wengine wakamtambua wakainamisha macho. Vijana walimletea mihogo, akaimenya na kuipika, kwa sababu kukaa bure kulikuwa kubaya zaidi. Hakufikiri mambo makubwa. Alifikiri juu ya korongo lililo baada ya mto, ambapo gurudumu la kushoto hupenda kuteleza, na kama rejeta imejazwa maji asubuhi. Saa nane mchana ikafika, ikapita. Kijana mmoja akasema mzee hatarudi, kwa nini arudi. Anastasie naye alikuwa amelifikia wazo hilo peke yake, na akaona kwamba hata kama Raphaël asingerudi, hangeweza kumlaumu. Hilo halikumwondolea hofu. Saa tisa alianza kukumbuka sura za watoto wake mmoja baada ya mwingine, akaanzia mdogo.

Saa kumi na nusu alisikia injini kabla ya wengine. Aliitambua, ile ngurumo yenye kigugumizi kidogo ikipanda kilima.

Raphaël aliiegesha ikitazama mteremko. Alishuka, akamwita Dany kwenye boneti, akamfundisha kama mwalimu wa shule: isilale kamwe mahali tambarare, kwa sababu haina betri, chupa ya kioo imwagwe maji kila asubuhi, rejeta isifunguliwe ikiwa moto, pampu isiguswe na mtu yeyote. Dany alikuwa anaitika kwa kichwa, naam, naam. Kisha Raphaël akatoa mkoba wake wa vyombo nyuma ya kiti. Kijana mmoja alitaka kuuzuia; Dany akasema muachie muzee kazi yake. Vijana wakapanda wote, jeep ikateremka, ikawaka, ikaenda njia ya Fizi.

Wakaanza kutembea kuelekea Baraka. Baadaye Raphaël akasema amechelewa kwa sababu ya Kamanzi. Alimkuta mwisho wa barabara juu ya Lubondja, yeye na wanaume sita, bunduki mbili, wamesikia redio wanashuka kutafuta watu wao. Wale sita walimwelekezea bunduki. Kamanzi aliwapita akaja mpaka dirishani. Neno lake la kwanza lilikuwa kumuuliza alifuata alama ipi.

"Ukamuambia nini?" Anastasie akauliza.

"Nikamuambia, ya kwako. Siku ya ine."

Kamanzi alicheka, Raphaël akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamteremsha binti yake, akarudi dirishani. Akasema alisikia habari za mdogo wake Raphaël zamani, na kwamba angekuja matangani, ila njia haikuwepo. Raphaël naye akamwambia pole ya Ntwari. Walisimama tu pale kama watu wanaosubiri injini ipoe, mpaka wale sita wakaanza kuita.

Jeep haikudumu. Mwezi wa kumi walisikia imekufa mbele ya Fizi. Mtu alitia mazuti yenye maji, na chupa ya kioo ilikuwa imevunjika zamani. Anastasie hakwenda kuitazama. Marie alimwambia kwamba angechukua yale masufuria kumi na mawili na mbuzi, sasa angekuwa na mbuzi watatu. Anastasie akasema ni kweli. Hesabu hiyo alikuwa ameifanya mwenyewe juu ya lile jiwe, na haikumsaidia kujuta.

Lakini jioni ile ya kizuizi bado hawakujua hayo. Walikuwa wanashuka, ziwa limeshaonekana chini, na Raphaël alibadilisha mkoba bega kwa mara ya nne. Anastasie akauchukua, akautia kichwani. Hatua kidogo mbele, Raphaël akasema kwamba ufukweni kuna mtumbwi mkubwa, mwenyewe amekimbia akamwachia autunze au autumie, apendavyo. Injini ya mazuti, silinda mbili. Moja nzima.

Anastasie akauliza ile nyingine inakosa nini.